Ufunguo Usomwe kwa Sauti



Leo nina neno na wenye kompyuta kuukuu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na laptopu nyingi zilizotufikia kwa njia ya mtumba hazina nguvu ya kupokea Windows 11. Ukimpelekea fundi anakwambia: weka Linux, iwe Ubuntu, Mint au Debian, haina malipo na mashine itachangamka. Waliomsikiliza fundi wanaandika barua, wanasikiliza muziki, wanatembea mtandaoni bila shida. Kisha wanakwama mahali pamoja. Nikitaka kuandikiana na mtu kwenye hii Linux, na maneno yetu yabaki yetu wawili, nifanyeje?

Swali hilo lina upande wa fundi na upande wa watu wenyewe. Wa fundi ni mwepesi, utaisha kabla chai haijapoa. Wa watu ndio unaorukwa, na ndio ulionileta mbele ya kipaza sauti leo.

Lakini kwanza niondoe hofu, maana kuna wanaodhani Linux ni mambo ya wataalamu wa Kacyiru peke yao. Si kweli. Kijana aliyepita shule ya msingi hapa Rwanda baada ya mwaka 2008 huenda aliishika bila kujua. Zile laptopu ndogo za kijani na nyeupe za mpango wa One Laptop per Child, ambazo nchi hii iligawa zaidi ya 200,000, ziliendeshwa na Fedora, na Fedora ni Linux, iliyovikwa sura ya kitoto iliyoitwa Sugar. Ndani yake mlikuwa na programu ya kupigia gumzo. Mtoto wa dawati hili alimwandikia wa dawati lile, na kilichobeba maneno yao chini kwa chini ni utaratibu ambao Mmarekani Jeremie Miller aliutangaza mwaka 1999 kwa jina la Jabber, na siku hizi tunauita XMPP. Darasani hapakuwa na haja ya siri. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Ila utaratibu ni huo huo nitakaousema leo, umekua tu kama wale watoto walivyokua.

Sasa najua kuna anayeguna huko: mbona nina WhatsApp, na yenyewe inaniambia ujumbe umefungwa? Inasema kweli. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa, yaani huvurugwa kwa hesabu hadi asiweze kuusoma mtu mwingine ila mwenye ufunguo, kutoka kwa mtumaji mpaka kwa mpokeaji. Kwa salamu, picha za harusi na kukumbushana mchango wa ikimina, kile kikundi cha akiba, endelea nayo, hata kwa kupitia kivinjari cha Linux. Telegram msiichanganye na hiyo. Mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi namna hiyo. Ya siri yapo kwenye simu, lakini programu yake ya Linux haina hata kitufe cha kuyaanzisha. Signal ni imara na ina programu ya kompyuta kwa Debian na Ubuntu. Ila lazima kwanza uwe nayo kwenye simu, na akaunti huzaliwa na namba ya simu. Na namba za simu hapa kwetu, kama unavyokumbuka zile foleni za mwaka 2013, zimeandikishwa kwa vitambulisho.

Kuna watu ambao hilo haliwafai. Yupo wakili ambaye jina la mteja wake halitakiwi kuonekana kwenye orodha ya namba za mtu. Yupo mwandishi wa habari. Yupo mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye kompyuta na simu yake ni kitochi cha kupigia na kupokelea tu. Na yupo muuguzi anayepeleka majibu ya vipimo kwa mwenzake. Huyo sheria inamgusa moja kwa moja, nitafika hapo.

Tuangalie kwanza ujumbe unakopita. Kutoka Nyakabanda hadi Biryogo, hapa hapa Kigali, ni mwendo mfupi wa pikipiki, na motari atakuomba nauli ndogo. Ujumbe wako haupiti njia hiyo. Rwanda haina bahari. Waya wa intaneti unatoka kwetu kupitia Uganda kwenda Mombasa, au kupitia Tanzania kwenda Dar es Salaam, ndipo uingie kwenye nyaya za chini ya bahari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2004 tunayo RINEX, sehemu ambapo makampuni ya intaneti ya humu nchini hubadilishana mizigo yao bila kuipeleka ng'ambo. Lakini RINEX haisaidii kama seva ya gumzo lako iko Ujerumani. Neno litakwenda Ujerumani, litageuka, litarudi Biryogo.

Katika safari hiyo kuna kinga za namna mbili, na watu huzifanya moja. Fikiria bahasha unayoituma kwa basi kutoka Nyabugogo. Barabarani buti la gari limefungwa kwa kufuli, hapati mtu kulichokonoa. Lakini njiani kuna kituo. Mzigo unashushwa, ofisi inaushika mkononi, unapakiwa gari jingine. Kufuli la buti ndilo ile kinga iitwayo TLS, ambayo karibu kila programu ya gumzo inayo. Inalinda barabara, hailindi kituo. Ukitaka karani wa kituoni asisome, huna budi kuifunga bahasha yenyewe, na gundi yake aijue mtumaji na mpokeaji tu.

Hii si hofu ya kubuni. Oktoba 2023 wasimamizi wa jabber.ru, seva kongwe ya XMPP ya Warusi, waligundua kwamba mawasiliano ya watumiaji wao yalikuwa yakinaswa kwenye mitambo waliyoikodi Ujerumani, kwa Hetzner na Linode. Mnasaji alikuwa amejipatia vyeti vya TLS kutoka Let's Encrypt kwa jina la jabber.ru, vyeti ambavyo kompyuta ya mtumiaji haikuwa na sababu ya kuvikataa. Akakaa katikati, akawa anafungua, anasoma, anafunga tena. Mambo yakaendelea hivyo kwa miezi. Kilichomuumbua ni uzembe mdogo sana: cheti chake kimoja kiliisha muda, hakukihuisha, na watu wakaanza kuona onyo wakiingia. Fikiria angekuwa mtu makini!

Wasimamizi hao walipoandika taarifa yao, waliongeza jambo ambalo ningependa kila msikilizaji alikumbuke. Walisema waliokuwa wakisimba mazungumzo yao wenyewe, mtu kwa mtu, walikuwa salama, kwa sharti moja tu: wawe walilinganisha funguo zao. Kuwa na programu ya kusimba hakukutosha. Ilibidi wawe wamethibitisha kwamba ufunguo ulio upande wa pili ni wa mtu wao kweli. Nitarudi hapo.

Miaka ya nyuma, ukimwuliza mtu wa Linux habari ya gumzo, alikujibu Pidgin. Programu ile ilianza mwaka 1998 kwa jina la Gaim, na mwaka 2007 ikalazimika kubadili jina baada ya mvutano mrefu na kampuni ya AOL. Pidgin yenyewe haikujua kusimba mtu kwa mtu. Uliongeza programu ndogo ya OTR, kazi iliyotokana na Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer, waliochapisha wazo lao mwaka 2004. Amri moja tu kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, pidgin-otr inaingia, unaiwasha, unazalisha ufunguo, basi. Nyaraka za Marekani zilizotolewa na Edward Snowden, ambazo gazeti la Kijerumani Der Spiegel lilizichapisha Desemba 2014, zilionyesha wapelelezi wa NSA wakikiri kwamba mazungumzo fulani ya OTR yaliwashinda kuyafungua. Si sifa ndogo hiyo.

Nikiwa kwa Snowden, kuna kisa chake kinachonichekesha na kunisikitisha. Desemba 2012 alimwandikia mwandishi Glenn Greenwald bila kujitaja, akimwomba aweke PGP, programu ya kusimba barua pepe, ili waweze kuzungumza. Greenwald akaona ni kazi ya kesho. Wiki zikapita, hakuweka. Snowden akaenda kwa Laura Poitras, mtengeneza filamu ambaye tayari alikuwa anajua kutumia vitu hivyo. Mojawapo ya habari kubwa kabisa za mwaka 2013 nusura impite mtu kwa sababu ya uvivu wa kuweka programu. Ukiona unaahirisha, jua hauko peke yako.

Lakini OTR ilikuwa na kasoro inayotuumiza sisi hasa. Ilitaka nyote wawili muwe hewani kwa wakati mmoja. Bando la mwenzako likiisha, au umeme ukikatika upande wake, gumzo la siri limekufa. Tena ilifikiri kila mtu ana chombo kimoja, kumbe mtu ana laptopu nyumbani na simu mfukoni. Ndiyo maana mwaka 2015 kijana aitwaye Andreas Straub alitengeneza OMEMO, akichukua hesabu za Signal na kuzipandikiza kwenye XMPP. Kwa OMEMO mwenzako anaweza kuwa amezima kila kitu. Ujumbe unamngoja kwenye seva ukiwa umefungwa, na ataufungua kwa simu au kompyuta, vyovyote. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani yanayokuelekeza Pidgin na OTR, yasome kama historia. Kwa kazi ya leo, chukua OMEMO.

Na kabla sijaitaja amri, nieleze tukio moja la Pidgin, kwa sababu wengi wa mtaa wetu wana tabia ya kupakua programu popote wanapoiona. Julai 2024 kwenye orodha ya nyongeza za Pidgin, ile iliyowekwa na Pidgin wenyewe kwa ajili ya kazi za watu wengine, iliingia nyongeza iitwayo ss-otr. Jina linapendeza, sivyo? Linafanana na usalama wenyewe. Katikati ya Agosti mtu mmoja akatoa taarifa: nyongeza ile inarekodi kila herufi unayobonyeza na kupeleka picha za kioo chako kwa wasiohusika. Pidgin wakaiondoa, wakakiri kwamba hawakugundua jambo la wazi: nyongeza ililetwa bila msimbo wake wa chanzo, imefungwa kama gunia, hakuna awezaye kuangalia ndani. Baada ya hapo wakaweka sharti kwamba nyongeza yoyote itakayoorodheshwa iwe ya chanzo huria. Mtu alitafuta kufuli akauziwa mwizi. Kwa hiyo kwenye Linux kaa na ghala la programu la mfumo wako mwenyewe. Usipakue kitu cha kusimba kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa, hata kama aliyekutumia ni shemeji.

Haya, shika kalamu.

Fungua terminali. Andika sudo, acha nafasi, apt, acha nafasi, update, kisha bonyeza Enter. Itakuuliza neno lako la siri. Ukiandika hutaona kitu kwenye kioo, usishtuke, ndivyo ilivyo. Ikimaliza, andika sudo, nafasi, apt, nafasi, install, nafasi, gajim. Herufi ndogo zote. G, A, J, I, M. Ikikuuliza kama ukubali, bonyeza Y. Umemaliza kazi ya terminali. Tangu toleo la 1.8 la mwaka 2023, OMEMO imo ndani ya Gajim yenyewe. Kama mfumo wako ni wa zamani na una toleo la nyuma ya hapo, ongeza kifurushi cha gajim-omemo kwa njia hiyo hiyo. Asiyeipenda sura ya Gajim ajaribu Dino, ambayo kwenye Debian na Ubuntu jina la kifurushi chake ni dino-im. Ni nyepesi na inaeleweka haraka. Mimi nabaki na Gajim kwa sababu inaonyesha mambo ya funguo waziwazi zaidi.

Ukiifungua itakutaka akaunti. Anwani ya XMPP inafanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha jina la seva. Haikuulizi namba ya simu. Seva zipo nyingi, za bure na za kulipia. Disroot ya Uholanzi ni mojawapo ya zinazotoa akaunti bure. Wenye kikundi wanaweza pia kuendesha seva yao wenyewe, na kama seva hiyo iko Kigali, yale maneno ya Nyakabanda na Biryogo yanaweza kupita RINEX yasijue Ujerumani. Mwenzako mwenye simu ya Android atahitaji Conversations, kazi ya Mjerumani Daniel Gultsch. Akiichukua kwenye ghala la F-Droid halipi kitu.

Mkishakubaliana kuwa marafiki ndani ya programu, fungua dirisha la gumzo. Karibu na mahali pa kuandikia kuna alama ya kufuli. Bonyeza, chagua OMEMO. Usidhani imejiwasha, angalia kwa macho yako. Kwa kundi, mfano kamati ya ikimina, OMEMO hukubali pale tu kundi ni la faragha na la wanachama walioalikwa, na kila mwanachama anaona anwani za wenzake. Kundi la wazi ambalo yeyote anaingia halisimbwi, na ukifikiri kidogo utaona halina sababu ya kusimbwa.

Hapo fundi atakunja mkono na kudai chake. Ndipo kazi yetu wenyewe inapoanza.

Kila chombo chenye OMEMO kina ufunguo wake, na ufunguo una alama yake, kama kidole kilivyo na alama yake. Ni herufi na tarakimu 64, zimepangwa kwa mafungu ya nane nane. Gajim ya kwako inapozungumza na Conversations ya mwenzako kwa mara ya kwanza, inapokea ufunguo kutoka kwa seva na kuuamini. Imeuamini kwa nini? Kwa sababu seva imesema. Na kama seva ina mtu katikati, kama ilivyokuwa jabber.ru? Atakupa ufunguo wake, atampa mwenzako ufunguo wake, na nyote mtaona kufuli zuri likiwa limefungwa. Kufuli litakuwa la kweli. Aliyeko upande wa pili ndiye siye.

Dawa yake haiuzwi dukani wala haiko kwenye terminali. Ni kulinganisha zile alama 64 kwa njia ambayo seva haiigusi. Kwa watu wa mtaa mmoja hakuna jambo rahisi kama hili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tumesimama, tunapangusa jasho. Toa simu, mwenzako afungue laptopu, elekeza kamera kwenye ile picha ya mraba ya QR, programu ithibitishe. Imekwisha. Kwa wengine kukutana ana kwa ana kwa ajili hii ni kazi ngumu. Sisi tunakutana hata tusipotaka.

Kwa aliye mbali, tumia sauti. Ndugu yako yuko Goma, au Bujumbura, au anafanya kazi Muscat. Mpigie simu ya kawaida, msomeane. Sikia sauti unayoijua tangu utotoni ikitaja fungu la kwanza, wewe itikia, yeye aendelee na la pili. Ni dakika chache za kuchosha, sikatai. Na sauti siku hizi zinaghushiwa na mashine, kwa hiyo changanya na utani wa nyumbani, muulize jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua. Mkimaliza, kila mmoja aweke alama kwenye programu kwamba ufunguo umethibitishwa.

Tendo hilo dogo linabadilisha mwenendo wa programu yenyewe. Gultsch alieleza utaratibu huo mwaka 2016, na programu nyingi za OMEMO zinaufuata: kabla hujathibitisha ufunguo wowote wa mtu, programu inaamini kila ufunguo mpya unaoletwa kwa jina lake. Ukishathibitisha hata mmoja, inaacha upole. Ufunguo mpya ukija, inausimamisha mlangoni na kukuuliza. Kwa maneno mengine, asiyethibitisha anaendesha programu iliyolala.

Na ufunguo mpya ukija usikimbilie kumshuku mtu. Mara nyingi ndugu amenunua simu nyingine, au amefuta programu akairudisha, na hapo ufunguo wa zamani umepotea. Atalalamika pia kwamba ujumbe wa zamani hausomeki kwenye chombo kipya. Ndivyo OMEMO ilivyokusudiwa, haujaharibika. Mpigie tena, msome tena.

Niseme na mipaka, maana sipendi kumuuzia mtu ndoto. OMEMO inaficha mliyoandikiana. Haifichi kwamba mmeandikiana. Mwenye seva anaona anwani fulani imezungumza na anwani fulani saa tano usiku. Halafu Gajim inahifadhi mazungumzo kwenye diski yako yakiwa yamefunguliwa, yanasomeka na yeyote atakayeiba laptopu. Kwa hiyo siku unayoweka Linux upya, kubali ile hatua inayokuuliza kama diski isimbwe. Utaandika neno la siri kila ukiwasha mashine, na hiyo ni bei ndogo. Na kama simu au kompyuta yenyewe imeingiliwa, hakuna kusimba kutakakosaidia, kwa sababu msomaji anasimama nyuma ya bega lako. Mei 2019 ilibainika kwamba programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli ilipenya simu za watumiaji wapatao 1,400 kupitia WhatsApp, na kusimba kwa WhatsApp hakukuvunjwa hata kidogo, walipitia simu. Mwaka 2021 vyombo vya habari vya kimataifa viliitaja Rwanda miongoni mwa serikali zilizodaiwa kuitumia Pegasus, na serikali ilikanusha. Kwangu mimi funzo la kifundi ni kusasisha mfumo kila masasisho yanapotoka.

Je, kusimba ni kosa? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mimi nalijibu kwa sauti hii hii ya redio. Katiba yetu, kifungu cha 23, inalinda faragha ya mtu na siri ya barua na mawasiliano yake, na inasema siri hiyo haiondolewi ila kwa namna iliyowekwa na sheria. Sheria ya mwaka 2013 ndiyo inayoeleza ni nani anaweza kuruhusiwa kunasa mawasiliano na kwa utaratibu gani, nayo inawataka wenye mitandao wawe na uwezo wa kutekeleza hilo. Kisha ikaja sheria ya 058 ya Oktoba 2021 ya kulinda data binafsi, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usalama wa Mtandao, NCSA. Muda wa kujipanga uliotolewa uliisha Oktoba 2023. Yule muuguzi niliyemtaja, zahanati yake, kampuni ya bima, shule yenye majina ya watoto, wote wanabanwa kulinda taarifa za watu. Katika hali hiyo kupeleka majibu ya vipimo kwenye gumzo lisilofungwa ndilo jambo la kuulizwa. Kwa majirani mambo yana sura zake: Tanzania, mwaka huo huo wa 2023, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya mwisho wa Oktoba. Kwa hiyo anayevuka mpaka ajue sheria ya anakokwenda.

Kuna waliosema nami kwamba haya ni mambo magumu mno kwa mtu wa kawaida. Zamani yalikuwa magumu kweli. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na Doug Tygar waliwapa watu 12 dakika 90 wafunge na kusaini barua pepe kwa PGP, na ni theluthi moja tu waliofaulu. Wale walishindwa na programu. Gajim haikushindi, amri mbili, akaunti moja, kufuli moja. Kinachobaki kinataka tu mtu umjuaye na muda wa kumsomea tarakimu, na hilo ni jambo ambalo mama muuza ndizi wa Nyakabanda analiweza sawasawa na profesa.

Basi ombi langu ni hili. Kama leo tayari unatumia Gajim, Dino, Signal au hata hiyo WhatsApp, ambayo nayo ina tarakimu zake 60 za kulinganisha kwenye ukurasa wa kila mtu unayeandikiana naye, chagua mtu mmoja ambaye maneno yenu yana uzito. Mmoja tu. Mpigie kabla ya Jumapili, someaneni, wekeni alama. Na ukimkuta fundi anakuwekea programu ya siri bila kukwambia habari ya kuthibitisha ufunguo, mlipe nusu.